Mwongozo Kamili: Hifadhi ya Pamoja Inapogoma Kwenye Klasta ya Proxmox

Mwongozo huu ni wa fundi aliyekwisha kujaribu akakwama. Ana seva tatu zenye Proxmox VE (mfumo wa kuendesha mashine pepe), ana storeji moja inayotoa diski kwa njia ya iSCSI (diski kupitia mtandao), ameunganisha seva hizo kuwa klasta, kisha mambo yakagoma. Nodi moja, yaani seva moja ya klasta, inaiona diski, nyingine haiioni. Au alama ya kuuliza imeganda juu ya jina la hifadhi. Au mashine pepe (kompyuta inayoendeshwa ndani ya seva) inahama kwa sekunde mbili halafu inakataa kuwaka huko ilikokwenda.

Karibu kila nilipoitwa kwenye tatizo la aina hii nilimkuta fundi akihangaika kwenye kurasa za Proxmox, anafuta hifadhi na kuiongeza tena, huku kosa liko chini kabisa. Hifadhi ya pamoja ni ngazi: waya, anwani, jina la seva, kuingia kwenye storeji, njia mbili, LVM (mfumo wa Linux wa kugawa diski maeneo), na Proxmox ndiyo kipandio cha juu. Kipandio kimoja kikioza, vyote vya juu yake huonekana vibovu. Kwa hiyo tutaanzia chini, na hatutapanda kinachofuata mpaka kilichopo kimekubali kwenye nodi zote tatu. Mbili kati ya tatu hazitoshi.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kugusa chochote

- Nodi tatu zenye toleo moja la Proxmox VE. Ukiwa na mbili, tafuta kifaa kidogo cha tatu cha kupiga kura, kwa sababu nodi mbili haziwezi kuamua peke yao mmoja akipotea.
- Storeji yenye poti mbili za mtandao, na LUN moja (diski inayotolewa na storeji) iliyo tupu kwa ajili ya kazi hii.
- Swichi mbili kwa ajili ya storeji. Moja inatosha kuanzia, lakini ikifa hiyo, kila kitu kimekufa.
- Kadi za mtandao za kutosha: poti mbili za storeji, moja ya mazungumzo ya klasta, na moja ya watumiaji na mashine pepe.
- UPS inayobeba storeji na swichi zake, si seva peke yake.
- Nakala rudufu ya kila mashine pepe, iliyohifadhiwa nje ya storeji hii.
- Daftari lenye jedwali la anwani.

Hilo daftari usilidharau. Mfano nitakaoutumia ni huu: mtandao A wa storeji ni 10.10.10.0/24, mtandao B ni 10.10.20.0/24. Storeji ina .5 kwenye kila mtandao, na nodi zina .11, .12 na .13.

Mitandao hii miwili lazima iwe tofauti. Ukiweka poti zote mbili kwenye mtandao mmoja, Linux inaweza kupitisha mawasiliano yote kwenye kadi moja huku ya pili ikikaa kama pambo. Utaamini una njia mbili, mpaka siku kebo moja itakapochomoka na zote mbili zikafa pamoja.

## Hatua ya 1: Hakikisha klasta yenyewe ni nzima

Kwenye kila nodi:

`pvecm status`

Tafuta mstari wa `Quorate: Yes`, na idadi ya kura iwe 3. Ukiona `No`, acha habari za hifadhi kwanza. Bila kura za kutosha, folda ya `/etc/pve` hugeuka ya kusomwa tu, na mipangilio ya hifadhi inaandikwa humohumo. Ndiyo maana unabonyeza kuongeza hifadhi na kurudishiwa `cluster not ready - no quorum?`. Fundi husoma ujumbe huo akadhani storeji imemkataa, kumbe ombi lake halijatoka hata kwenye seva.

Angalia pia mazungumzo ya klasta yanapita wapi. Corosync, programu inayobeba mazungumzo hayo, haihitaji waya mpana, inahitaji waya mtulivu: nyaraka za Proxmox zinataka ucheleweshaji usiozidi milisekunde 5. Ukiipitisha kwenye waya uleule wa storeji, usiku nakala rudufu zinapoanza waya utajaa, nodi zitadhani zimepotezana, na kama umewasha HA (huduma ya kuwasha mashine pepe kwingine nodi ikifa), nodi iliyokosa kura itajizima na kujiwasha yenyewe. Asubuhi utakuta seva imejiwasha upya saa nane usiku na hakuna anayejua sababu.

Umefaulu ikiwa: nodi zote tatu zinasema `Yes`, na corosync ina poti yake.

## Hatua ya 2: Waya na anwani

Kutoka kila nodi, piga ping kwa 10.10.10.5 na 10.10.20.5. Hilo kila mtu hufanya, na hapo ndipo wengi huishia. Ping ya kawaida hutuma kifurushi kidogo sana, nacho hupita hata mahali ambapo mzigo wa diski hautapita.

Kama umeweka MTU (ukubwa wa juu wa kifurushi, kwa baiti) ya 9000, jaribu hivi:

`ping -M do -s 8972 10.10.10.5`

Namba 8972 ni 9000 ukitoa baiti 20 za IP na 8 za ICMP. Neno `do` linakataza kifurushi kukatwa vipande njiani. Ukijibiwa `Message too long`, kadi ya seva yako yenyewe haijawekwa 9000. Ukijibiwa kimya, swichi au storeji ndiyo inayotupa vifurushi vikubwa.

Hili ndilo kosa linalopoteza siku nyingi kuliko yote, kwa sababu dalili zake zinadanganya. Storeji itaonekana, kuingia kutakubali, jina la diski litatokea, kisha ukianza kusoma au kuandika kila kitu kinaganda. Salamu ni vifurushi vidogo, data ni vifurushi vikubwa.

Ushauri wangu: kama huna uhakika na swichi zako, rudisha kila mahali 1500 na ujaribu kwa `-s 1472`. Utapoteza kasi kidogo na utapata usingizi. MTU ya 9000 upande mmoja na 1500 upande mwingine ni mbaya kuliko 1500 kote.

Kisha hakikisha poti ya iSCSI, namba 3260, iko wazi:

`timeout 3 bash -c '</dev/tcp/10.10.10.5/3260' && echo wazi`

Umefaulu ikiwa: ping kubwa inarudi kutoka nodi zote tatu kwenye mitandao yote miwili, na neno `wazi` linatokea mara sita.

## Hatua ya 3: Kila nodi na jina lake

Kila seva hujitambulisha kwa storeji kwa jina la IQN. Lisome:

`cat /etc/iscsi/initiatorname.iscsi`

Linganisha majina ya nodi tatu. Kama ulisimika seva moja kisha ukainakili diski yake kwa nyingine ili kuokoa muda, majina yatafanana. Storeji itadhani ni seva moja inayoingia mara tatu. Nodi ya pili ikiingia, ya kwanza inasukumwa nje. Ya kwanza ikirudi, ya pili inatolewa. Kwenye logi utaona `detected conn error (1020)` ikijirudia, na utaanza kulaumu kebo zisizo na hatia.

Tengeneza jina jipya kwenye nodi iliyonakiliwa:

`echo "InitiatorName=$(iscsi-iname)" > /etc/iscsi/initiatorname.iscsi`
`systemctl restart iscsid`

Onyo: usifanye hivi kwenye nodi yenye mashine pepe zinazotumia storeji. Zihamishe au zizime kwanza.

Sasa nenda kwenye ukurasa wa storeji, uandikishe majina yote matatu kwenye orodha ya wanaoruhusiwa kuitumia LUN hiyo. Storeji nyingi zina swichi ya kuruhusu seva zaidi ya moja kwa wakati mmoja. Iwashe. Baadhi huja ikiwa imezimwa kwa usalama, na hapo ndipo nodi ya kwanza hukubaliwa na za nyuma zote hufungiwa mlango.

## Hatua ya 4: Kugundua storeji na kuingia

`iscsiadm -m discovery -t sendtargets -p 10.10.10.5`

Soma majibu kwa makini kabla ya kuendelea. Unatarajia mistari miwili, wa 10.10.10.5 na wa 10.10.20.5, yenye jina moja la tageti, yaani jina la storeji kwenye iSCSI. Mara nyingi utaona wa tatu, 192.168 fulani. Hiyo ni poti ya usimamizi ambayo storeji imeitangaza bila kuulizwa. Nodi zako zitajaribu kuipitia, zitangoja mpaka zichoke, na wakati huo ukurasa wa Proxmox utakuwa umeganda. Tiba yake ni kuifunga iSCSI kwenye poti ya usimamizi huko kwenye storeji, kisha kufuta kumbukumbu yake kwenye kila nodi:

`iscsiadm -m node -T JINA_LA_TAGETI -p 192.168.1.5 -o delete`

Kisha ingia:

`iscsiadm -m node --login`

Majibu mawili ya kukataliwa yanafaa kujulikana kwa namba. Namba 24, `authorization failure`, maana yake waya ni mzima na storeji inakukataa wewe: rudi Hatua ya 3, au angalia nywila za CHAP. Namba 8, `connection timed out`, maana yake hukufika hata mlangoni: rudi Hatua ya 2.

### Mtego wa faili la mipangilio

Fungua `/etc/iscsi/iscsid.conf` uweke:

`node.startup = automatic`
`node.session.timeo.replacement_timeout = 15`

Mstari wa kwanza unaifanya nodi iingie yenyewe inapowaka. Wa pili unapunguza muda wa kungoja njia iliyokufa kutoka sekunde 120 hadi 15, ili kazi ihamie haraka kwenye njia ya pili.

Hapa watu huanguka kwa wingi. Faili hilo linahusu kumbukumbu zitakazoundwa baadaye tu. Ulizokwisha kuzigundua zina nakala zake za mipangilio ya zamani, nazo hazitabadilika. Fundi anahariri faili, anawasha seva upya, diski haipo, anahariri tena. Sasisha kumbukumbu zilizopo kwa mkono:

`iscsiadm -m node -o update -n node.startup -v automatic`
`iscsiadm -m node -o update -n node.session.timeo.replacement_timeout -v 15`

Kisha toka na uingie tena, kabla hujaweka chochote juu ya diski hizo.

Umefaulu ikiwa: `iscsiadm -m session` inaonyesha mistari miwili kwenye kila nodi, na baada ya kuwasha nodi upya mistari miwili ipo bila wewe kuandika amri yoyote.

## Hatua ya 5: Njia mbili, diski moja

Ukiandika `lsblk` sasa utaona diski mbili mpya, tuseme `sdb` na `sdc`. Hazikuongezeka. Ni LUN ileile inayoonekana kupitia waya mbili. Thibitisha:

`/lib/udev/scsi_id -g -u -d /dev/sdb`
`/lib/udev/scsi_id -g -u -d /dev/sdc`

Namba ndefu inayorudi, WWID, lazima ifanane. Ifananishe pia na nodi nyingine mbili. Usiamini herufi. Leo ni `sdb`, kesho baada ya kuwasha upya `sdb` inaweza kuwa diski ya ndani yenye mfumo wako.

Simika programu ya kuunganisha njia, kisha uiambie WWID ya kushughulikia:

`apt install multipath-tools`
`multipath -a WWID_YAKO`
`multipath -r`
`multipath -ll`

Usipoandika amri ya `-a`, hakuna kitakachotokea, wala hutaona ujumbe wa kosa. Katika hali yake ya kawaida programu hii haigusi diski ambayo haijaorodheshwa. Ni ulinzi mzuri kwa diski zako za ndani, lakini ukimya wake umewafanya wengi waseme haifanyi kazi.

Mipangilio ya `/etc/multipath.conf` ichukue kwenye nyaraka za mtengenezaji wa storeji yako. Usinakili ya rafiki mwenye storeji ya aina nyingine. Kuna storeji ambazo poti zake zote zina haki sawa, na kuna ambazo upande mmoja ndio mwenye LUN na mwingine ni wa akiba. Ukizigawia kazi sawa hizi za aina ya pili, LUN itarushwarushwa huku na kule na kasi itaanguka vibaya.

Jambo moja uliamue mwenyewe: `no_path_retry`. Ukiweka `queue`, njia zote zikipotea mashine pepe husimama na kungoja, na storeji ikirudi zinaendelea. Ukiweka `fail`, zinapata kosa la diski papo hapo, na nyingi hugeuza mafaili yake kuwa ya kusomwa tu. Mimi huchagua `queue`, kwa kuwa swichi iliyozimika dakika tatu isinilazimishe kutengeneza hifadhidata ya watu. Gharama yake ni kwamba storeji isiporudi kabisa, nodi itakataa hata kuzimika kwa adabu, na utalazimika kuikata umeme.

Umefaulu ikiwa: `multipath -ll` inaonyesha jina moja, mfano `mpatha`, na chini yake mistari miwili ya `active ready running`. Hali iwe hiyo kwenye nodi zote tatu.

## Hatua ya 6: LVM, kwenye nodi moja tu

Onyo kubwa: amri hizi hufuta. Soma WWID tena kabla ya kubonyeza.

Kwenye nodi ya kwanza peke yake:

`pvcreate /dev/mapper/mpatha`
`vgcreate vg_pamoja /dev/mapper/mpatha`

Usizirudie kwenye nodi ya pili. Nimekuta ofisi ambayo fundi alizirudia kwa nia njema, akidhani kila seva lazima iandaliwe, akafuta kilichokuwa kimekwisha kuwekwa. Nodi nyingine kazi yake ni kutazama:

`vgs`

`vg_pamoja` itokee. Isipotokea, andika `iscsiadm -m session --rescan` kisha `vgs` tena. Isipotokea bado, rudi Hatua ya 5 kwenye nodi hiyo. Usilazimishe hapa.

Ukiona onyo lenye maneno `Not using device` yakitaja `sdb` au `sdc`, LVM imeona njia moja moja badala ya `mpatha` inayoziunganisha. Andika `pvs`: safu ya kwanza lazima iseme `/dev/mapper/mpatha`. Ikisema `/dev/sdb`, unatumia njia moja tu na siku itakapokatika utajua.

### Kwa nini si LVM-thin, na kwa nini si ext4

Swali hili huulizwa kila mara, nami nataka jibu likukae, kwa kuwa kosa hili halirekebishiki.

Mifumo ya mafaili ya ext4, XFS na ZFS iliundwa ikiamini kwamba kompyuta moja tu ndiyo inayoandika. Kila nodi huweka kichwani mwake ramani ya wapi kuna nafasi. Nodi mbili zikifungua LUN moja kwa wakati mmoja, kila moja itaandika juu ya kazi ya mwenzake bila kujua. Siku ya kwanza kila kitu kitaonekana safi. Uharibifu hujulikana baadaye, data imekwisha changanyika.

LVM-thin, aina ya LVM inayotoa nafasi kadiri inavyotumika, ina tatizo hilohilo: ramani yake ya vipande hushikwa na nodi moja. LVM ya kawaida inakubalika kwa sababu diski ya kila mashine pepe ni eneo lililotengwa, huwashwa kwenye nodi moja tu kwa wakati, na Proxmox huweka kufuli la klasta kila inapounda au kufuta eneo. Kufuli hilo linafanya kazi ukipitia Proxmox. Ukijichukulia `lvcreate` kwa mkono huku mwenzako anaunda mashine kwenye nodi nyingine, hakuna kufuli.

Cha kupoteza ni snapshoti, yaani picha ya hali ya diski unayoweza kuirudia. Toleo la 9 la Proxmox VE, lililotoka Agosti 2025, limeleta namna ya kuzipata juu ya LVM ya pamoja, lakini liliingia kama teknolojia ya majaribio. Kwenye mashine za kazi mimi bado nategemea nakala rudufu.

## Hatua ya 7: Sasa ndiyo Proxmox

`pvesm add lvm hifadhi-pamoja --vgname vg_pamoja --shared 1 --content images,rootdir`

Amri moja, kwenye nodi moja, na zote zitaipata kupitia `/etc/pve/storage.cfg`.

Ile tiki ya `Shared` haiunganishi kitu chochote. Ni ahadi unayoipa Proxmox: "niamini, data hii inapatikana kila nodi." Ukiiweka kwenye folda ya ndani ya seva, Proxmox itakuamini. Wakati wa kuhamisha haitanakili diski, kwa sababu umesema tayari iko upande wa pili. Itahamisha jina tu, haraka ya kupendeza, kisha mashine itakosa diski yake. Hiyo ndiyo siri ya ile mashine inayohama kwa sekunde mbili na kukataa kuwaka. Ikikutokea, usifute kitu: diski bado iko kwenye seva ya zamani. Ondoa tiki, rudisha faili la mipangilio ya mashine kwenye folda ya nodi yake ya kwanza ndani ya `/etc/pve/nodes`, na uiwashe huko.

Ongeza pia tageti yenyewe kama hifadhi ya aina ya iSCSI kwenye Proxmox, ukiondoa ruhusa ya kutumia LUN moja kwa moja. Faida yake utaiona Hatua ya 9.

Umefaulu ikiwa: `pvesm status` inasema `active` kwa `hifadhi-pamoja` kwenye kila nodi, na ukubwa unafanana. Ukubwa ukitofautiana, mmoja wao anaangalia diski nyingine.

## Hatua ya 8: Jaribu kwa ukali kabla watu hawajaingia

Unda mashine pepe ndogo, namba 100, diski yake iwe kwenye `hifadhi-pamoja`. Ndani yake andika:

`while true; do date >> /root/jaribio.txt; sync; sleep 1; done`

Kila sekunde mstari mmoja unaandikwa mpaka chini kwenye diski. Hii ndiyo saa yako ya ukweli.

Ihamishe ikiwa inaendelea kufanya kazi:

`qm migrate 100 nodi2 --online`

Ipeleke nodi ya pili, ya tatu, kisha irudishe. Ikikataa kuondoka, angalia kama bado ina picha ya CD iliyoko kwenye hifadhi ya ndani. Ikihama kisha ikaanguka, angalia aina ya prosesa: `host` kwenye seva za vizazi tofauti huleta balaa hilo, kwa sababu mashine iliahidiwa uwezo ambao seva mpya haina. Tumia `x86-64-v2-AES`.

Sasa chomoa kebo ya mtandao A kwenye nodi yenye mashine hiyo. Ndiyo, ichomoe kwa mkono. `multipath -ll` itaonyesha mstari mmoja `failed faulty`. Ngoja dakika mbili, irudishe, uone mstari umepona wenyewe. Rudia na mtandao B. Fanya hivyo kwa kila nodi.

Fungua `jaribio.txt` utafute pengo la muda. Pengo lisilozidi kama nusu dakika ni afya. Pengo la dakika mbili linasema ile 15 ya Hatua ya 4 haikuingia. Mistari ikikoma kabisa, njia yako ya pili haipo.

HA usiiwashe kabla jaribio hili halijapita kwenye nodi zote.

## Hatua ya 9: Umeme ukikatika

Kwetu jaribio hili si la hiari. Umeme unakatika, UPS inaisha, umeme unarudi saa kumi alfajiri na kila kifaa kinawaka kwa pamoja. Seva zikiwa tayari kuomba diski, storeji yenye diski nyingi bado inajikagua. Kwa mipangilio ya kawaida, nodi hujaribu kuingia kwa takriban sekunde 120: majaribio 8 ya sekunde 15. Storeji ikihitaji dakika nne, nodi zimekwisha kata tamaa na mashine pepe zimekwisha shindwa kuwaka.

Hapa ndipo ile iSCSI uliyoiongeza kwenye Proxmox inapolipa. Huduma ya `pvestatd` huendelea kugonga mlango wa storeji kila baada ya muda mfupi, hata baada ya nodi kuwaka. Mashine pepe zenyewe zicheleweshe kwenye kila nodi:

`pvenode config set --startall-onboot-delay 300`

Sekunde 300 ndicho kiwango cha juu kinachokubalika. Pima storeji yako kwa saa: kuanzia kubonyeza kitufe hadi poti 3260 kuwa wazi. Ikizidi hapo, tumia pia ucheleweshaji wa kuwaka uliopo kwenye BIOS ya seva.

Wakati wa kuzima mpangilio ni kinyume: mashine pepe kwanza, nodi, kisha storeji, swichi mwisho. Iweke UPS ianze kuzima nodi mapema, chaji ikiwa bado inatosha kuibeba storeji mpaka nodi ya mwisho izimike.

Kisha siku ya mapumziko, zima kila kitu kwa utaratibu huo, kata umeme ukutani, ngoja, rudisha, na usiguse kibodi. Umefaulu ikiwa: mashine pepe zimerudi zenyewe, na kila nodi inaonyesha njia mbili.

## Ukihitaji kuongeza nafasi baadaye

Panua LUN kwenye storeji. Kisha kwenye kila nodi:

`iscsiadm -m session --rescan`
`multipathd resize map mpatha`

Zote tatu zikishaonyesha ukubwa mpya kwenye `multipath -ll`, ndipo uandike kwenye nodi moja tu:

`pvresize /dev/mapper/mpatha`

Ukiianza hii ya mwisho kabla nodi nyingine hazijauona ukubwa mpya, zitasoma LVM inayodai eneo ambalo kwao halipo, na zitalalamika kwamba diski ni ndogo kuliko inavyotakiwa. Ikitokea, rudia amri mbili za kwanza kwenye nodi iliyosahaulika.